Kujaribu sasisho kabla ya kuligusisha mashine za kazi

Toleo jipya la mfumo endeshi (programu kuu ya kompyuta, kama Windows ya Microsoft) likitoka, huliingizi siku hiyo hiyo kwenye kompyuta inayokuletea pesa. Unaanza na mashine moja ambayo hata ikigoma kuwaka hakuna mteja atakayelalamika, unaifanyisha kazi zako za kila siku, ndipo unaamua kuhusu zile nyingine. Hiyo ndiyo maana ya kujaribu sasisho. Mafundi wengi husema tu "kutesti apdeti".

Watu huuliza: kwani Microsoft wenyewe hawajaijaribu? Wameijaribu, ila si kwenye printa yako. Machi 2021 sasisho la mwezi la Windows 10 lilipotoka, kuna waliobonyeza kuprinti wakashtukia skrini ya bluu, yaani kompyuta imekwama na kujizima. Waliopatwa walikuwa na draiva (programu ndogo zinazounganisha kompyuta na kifaa) za aina fulani, zikiwemo za baadhi ya printa za Kyocera na Ricoh. Kompyuta zenyewe ziliwaka vizuri, Word ilifunguka, intaneti ilikuwepo. Aliyeishia kukagua hayo angeapa kwamba sasisho ni zima. Sasa fikiria steshenari iliyo jirani na chuo, asubuhi, wanafunzi wamejipanga na flashi mkononi!

Kwa hiyo jaribio ni kuirudia kazi yenyewe. Kwa steshenari mimi ningefanya hivi: naprinti PDF yenye rangi, natoa kopi ya kitambulisho pande mbili, naskani, nafungua faili kutoka kwenye flashi, natuma kurasa kwenye printa ya pili inayotumia mtandao. Kisha nazima, nawasha, narudia yote. Duka la dawa litajaribu programu ya mauzo na kile kiprinta cha risiti. Na kama kuna programu ya zamani ambayo aliyeiuza hapokei tena simu, anza na hiyo.

Mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta yako na programu kama VirtualBox, ni rahisi: unahifadhi hali yake ilivyo, ukiiharibu unarudi pale pale. Inafaa kupimia programu. Lakini haitakwambia kama kadi ya waifai ya laptopu zako itaendelea kufanya kazi, kwa sababu ndani yake kadi hiyo haimo. Laptopu kuukuu ya modeli ileile ni shahidi bora.

Nakala rudufu ya mafaili iwepo kabla ya lolote. Toleo la Windows 10 lililoanza kutolewa tarehe 2 Oktoba 2018 lilisitishwa ndani ya siku chache, baada ya watumiaji kukuta nyaraka zao zimefutika, lilirudi Novemba. Jaribu pia njia ya kurudi nyuma. Baada ya kuhamia toleo kubwa, Windows kwa kawaida hukupa siku 10 tu za kurejea ulikotoka.

Wengine husikia haya wakazima masasisho moja kwa moja. Hilo ni kosa kubwa kuliko kuliingiza sasisho siku hiyo hiyo. Kiraka (sasisho dogo la kuziba tundu la usalama) cha tundu la Windows lililotumiwa na WannaCry, programu hasidi iliyofunga mafaili na kudai fidia, kilitoka tarehe 14 Machi 2017. Shambulio likaja tarehe 12 Mei, na hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu. Viraka vya usalama navipa siku, si miezi. Kuhamia toleo jipya kabisa kunaweza kungoja: hata Ubuntu, mfumo endeshi mwingine, hawawapi watumiaji wa LTS (matoleo yanayohudumiwa kwa miaka mingi) toleo la LTS linalofuata mpaka marekebisho ya kwanza yatoke. Toleo la 24.04 lilitoka Aprili 2024, marekebisho hayo yakaja Agosti.

Viraka vya Windows hutoka Jumanne ya pili ya mwezi, kwetu Afrika Mashariki ikiwa tayari ni usiku. Mashine za kazi nazisimamishia masasisho kwa wiki moja. Laptopu ya majaribio inapokea usiku huohuo, inafanya kazi Jumatano hadi Ijumaa. Jumamosi, duka likishafungwa, zinafuata nyingine, na ya keshia inakuwa ya mwisho.