Fikusi ya ndani haimwagiliwi kwa kalenda

Fikusi yenye majani mapana yaliyobonyea katikati kama fidla, ambayo kitaalamu ni Ficus lyrata, siku hizi utaikuta kwenye vitalu vingi vya kando ya barabara. Inafika nyumbani ikiwa imesimama wima na inang'aa. Miezi michache baadaye inaanza kudondosha majani, na mwenye nyumba kwa huruma anaiongezea maji. Mara nyingi huruma hiyo ndiyo inayoimaliza.

Mti huu ni wa misitu ya mvua ya Afrika Magharibi, kuanzia Sierra Leone hadi Kamerun, na ni wa ukoo mmoja na mkuyu wetu. Kule msituni mara nyingi huanza maisha juu ya mti mwingine, ukishusha mizizi polepole hadi ardhini. Mvua inaulowanisha hasa, kisha maji yanachuruzika na mizizi inabaki na hewa. Kwenye chungu nao unataka hivyohivyo: unyweshwe ushibe, halafu uachwe udongo upungue maji. Kikombe kimoja kila asubuhi hakifanyi lolote kati ya hayo mawili. Maji hayafiki chini vizuri, na sehemu ya juu haipati nafasi ya kupumua.

Mizizi nayo inapumua. Inatumia hewa iliyomo kwenye matundu madogo ya udongo. Matundu hayo yakikaa yamejaa maji siku nyingi, ncha za mizizi zinakufa na vimelea vya kuozesha, kama Pythium, vinaingia. Mzizi uliooza hauvuti maji tena, ndiyo maana mmea uliozidishiwa maji hulegea majani sawa kabisa na mmea wenye kiu. Kwa hiyo usiangalie jani peke yake. Angalia udongo kwanza.

Ingiza kidole hadi kiungo cha pili, kama sentimita 5. Ukihisi unyevu, au udongo ukiganda kwenye kidole, subiri. Kwa chungu kirefu chomeka kijiti kikavu cha mshikaki hadi karibu na chini, ukiache dakika 10, kisha ukichomoe: kikitoka cheusi na chenye udongo, chini bado kuna maji. Zoea pia kuinua chungu kikiwa kimeshiba na kikiwa kikavu. Baada ya wiki chache mkono wenyewe utakuambia.

Siku ya kumwagilia, chungu chenye upana wa sentimita 25 hupokea takriban lita 2. Mimina nusu ukizungusha pembeni mwa shina, ngoja dakika 10 udongo ulainike, kisha malizia hadi maji yatoke kwenye matundu ya chini. Baada ya nusu saa mwaga yaliyobaki kwenye sahani. Maji yakitoka chini papo hapo, usidhani yameenea. Udongo umekauka mno, umejitenga na ukuta wa chungu, na maji yamepita kando tu. Weka chungu ndani ya beseni lenye maji hadi theluthi ya kimo chake kwa dakika 40 hivi, kisha kiache kichuruzike.

Idadi ya siku inategemea mwanga kuliko kitu kingine. Dar es Salaam wakati wa joto, karibu na dirisha lenye mwanga mwingi, inaweza kuwa kila siku 5 hadi 7. Nairobi mwezi Julai, kwenye kona yenye kivuli, hata wiki mbili na zaidi. Mmea usiopata mwanga haunywi.

Madoa yanasomeka vizuri ukijua pa kutazama. Vidoti vyekundu-kahawia kwenye majani machanga si ugonjwa: seli zimepasuka kwa sababu mmea ulikaushwa sana kisha ukashibishwa ghafla, na jani likikua vinafifia. Mabaka ya kahawia iliyoiva au meusi, yakianzia majani ya chini huku udongo ukiwa mbichi, ni dalili ya mizizi kuoza. Kingo zilizokauka zikakatika kama karatasi, na udongo umejitenga na chungu, hiyo ni kiu.

Ukishuku kuoza, utoe mmea wote. Mzizi mzima ni mgumu na wa rangi iliyokwajuka. Uliooza ni mweusi, unateleza, unanuka, na ukiuvuta ganda lake linavuka na kuacha uzi. Kata yote mibovu kwa mkasi uliopanguswa spiriti. Vaa glavu, kwa kuwa utomvu wake mweupe huwasha ngozi, na paka na mbwa wasiutafune. Panda upya kwenye chungu kinachotosha mizizi iliyobaki, si kikubwa: sehemu 2 za udongo wenye mboji, 1 ya mchanga wa chenga kubwa, 1 ya vipande vya makumbi ya nazi. Mbolea ingoje hadi jani jipya lifunguke.

Chungu lazima kiwe na matundu. Kuweka kokoto chini ya chungu kisicho na tundu, kama wengi wanavyoshauri, hakusaidii: maji hukwama kwenye udongo ulio juu ya kokoto, karibu zaidi na mizizi.

Wanaotumia maji ya kisima cha chumvi, hasa mwambao, watazame ukingo wa chungu. Ukoko mweupe ukionekana, kwangua sentimita moja ya udongo wa juu, kisha pitisha maji yasiyo na chumvi mara mbili ya ujazo wa chungu, polepole, hadi yachuruzike yote. Masika, kinga maji ya mvua kwenye ndoo safi yenye mfuniko na uyatumie hayo.