Masimulizi yakizidi picha: dhana potofu na ukweli wake

Filamu ya wanafunzi niliyoisaidia hivi karibuni inahusu akina mama wanaoanika dagaa katika mwalo (mahali mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga) wa Igombe, hapa Mwanza. Picha za mwanzo zilikuwa za sekunde 60, masimulizi yake sekunde 100. Kijana aliyeshika kompyuta akaniuliza, "Kaka, si tunaongeza spidi tu?"

Dhana hiyo nakutana nayo mara kwa mara. Ni kweli programu huweza kuharakisha sauti bila kuifanya nyembamba, na ukiongeza asilimia 3 hivi, wengi hawatagundua. Lakini kubana sekunde 100 ziingie kwenye 60 ni kuharakisha karibu mara 1.7. Pumzi zinapotea, maneno yanapandana, na mama wa watu anasimuliwa kama tangazo la mnada. Cha kupunguza ni maneno.

Tuliichukua sentensi yao ya kwanza: "Kila siku alfajiri wanawake hawa hufika ufukweni wakiwa wamebeba ndoo zao kununua dagaa kutoka kwa wavuvi waliokesha ziwani." Maneno 18. Sasa tazama picha: alfajiri inaonekana, ndoo zinaonekana, mitumbwi inaonekana. Tukaandika upya: "Dagaa hawa wamevuliwa usiku. Mvua ikinyesha kabla hawajakauka, hasara ni yake." Maneno 11, na yote yanasema kile ambacho kamera haikuweza kukiona. Binti aliyesimulia alirudia kurekodi mara moja tu, akatulia kabisa.

Wengine hushika kanuni ya maneno 150 kwa dakika. Kanuni hiyo imetoka kwa wasomaji wa Kiingereza, na maneno yetu yamebeba mengi zaidi. "Hawatawaanikia" ni neno moja lenye silabi 8. Ukihesabu maneno badala ya muda utajidanganya. Soma kwa sauti huku picha ikicheza, simu ikipima sekunde, kabla hujagusa maiki.

Kuna pia wanaoamini kwamba sentensi unaweza kuikata popote, mradi maana ibaki. Hapa ndipo kazi nyingi za wanafunzi zinapoharibika. Msimulizi anapokaribia mwisho wa sentensi, sauti yake hushuka na kutua. Ukikata katikati na kuweka nukta hapo, sauti inabaki juu, kama mtu aliyezibwa mdomo. Mtazamaji hajui kosa liko wapi, ila anahisi kuna kitu hakijaisha. Afadhali mrudishe msimulizi aisome sentensi fupi kama sentensi fupi. Kama ni lazima ukate, kata kabla ya herufi kama k, p au t, kwa sababu midomo au ulimi hufunga kidogo kabla ya kuzitamka na panakuwa na ukimya mdogo. Ukikata katikati ya irabu, au ya "mmm" ya neno kama "mvuvi", panasikika.

Kwamba picha yote ijazwe maneno, hapana. Kwenye filamu ile kuna mama anapindua dagaa kwa mikono, nyuma yake mawimbi na injini ya mtumbwi inayowaka kwa shida. Vijana walikuwa wamelifunika tukio hilo kwa masimulizi. Tuliyaondoa, tukaacha sekunde 9 za ziwa lenyewe. Mimi naona ndizo sekunde bora za filamu ile.

Na ile nafasi uliyoikata katikati ya masimulizi usiiache tupu kabisa. Kila chumba kina ukimya wake, na ukitoweka ghafla sikio linashtuka. Siku ya kurekodi, funga madirisha, waombe wote wanyamaze, na urekodi nusu dakika ya chumba hichohicho kikiwa kimya, uje kuziba nayo nafasi hizo. Bati likianza kugongwa na mvua, subirini ipite.