Maana ya kanoni, na kwa nini "hiyo si kanoni" ni sentensi ambayo haijaisha

Filamu ya mashujaa ikitoka, au anime, yaani katuni ya Kijapani, ikianza msimu mpya, haipiti siku mbili kabla mtu hajasema: "Hiyo si kanoni." Mmoja akisema hivyo ana maana kwamba tukio lile halimo kwenye manga, ile komiki ya Kijapani ambayo anime imetokana nayo. Mwingine ana maana kwamba limeandikwa ovyo. Wa tatu hakulipenda tu, basi. Wa nne kaona linapingana na yaliyosemwa msimu wa kwanza. Neno moja limetwishwa mizigo minne, na kati ya hiyo hakuna hata mmoja ulio wake.

Maana yenyewe ni fupi. Kanoni ni orodha ya kazi zinazohesabiwa kuwa sehemu rasmi ya hadithi fulani, kwa kauli ya mwenye mamlaka juu ya hadithi hiyo. Mwenye mamlaka anaweza kuwa mtunzi au kampuni inayomiliki haki. Mtunzi akishafariki na haki kuisha muda wake, wanabaki wasomaji waliokwisha kukubaliana kwa miaka mingi. Kazi imo kwenye orodha au haimo. Ubora wake, umri wake na mapenzi yako kwake ni habari nyingine.

Linalostahili nafasi zaidi ni neno lenyewe, maana nusu ya mkanganyiko inaanzia humo. Kigiriki *kanōn* ni fimbo iliyonyooka, ile ambayo fundi anailaza ubavuni mwa ukuta aone kama umepinda. Nyuma yake kuna *kanna*, yaani tete, neno ambalo Wagiriki walilipata kwa watu wa lugha za Kisemiti; kwa Kiebrania ni *qaneh*, na ndio mwanzi wa kupimia alioushika yule mtu wa Ezekieli sura ya 40. Waarabu wakalichukua neno la Wagiriki wakalitamka *qanun*, nasi tukalipokea kutoka kwao: kanuni. Kwa hiyo kanuni na kanoni ni neno moja lililoingia nyumba moja kwa milango miwili. La kwanza lilipita kwa Waarabu, la pili kwa Kilatini na kanisa. Kanuni ile ala ya nyuzi kwenye taarabu ina jina hilohilo, na Sultani Suleiman wa Waothmani, wa karne ya 16, Waturuki mpaka leo wanamwita Kanuni kwa ajili ya sheria zake. (Kampuni ya kamera ya Canon haina undugu na haya. Kamera yake ya mwanzo ya mwaka 1934 iliitwa Kwanon, kwa jina la Kannon wa Wabuddha.)

Undugu huo unatuponza sisi tunaozungumza Kiswahili kuliko wengine. Masikio yaliyozoea kanuni yakisikia kanoni yanasikia sheria. Ndiyo maana utamkuta mtu anasema "kwa kanoni, huyu hawezi kuruka bila fimbo yake." Hiyo ni kanuni ya ulimwengu wa hadithi: nguvu zinafanyaje kazi, nani anaweza nini, kwa gharama gani. Inaweza kuvunjwa ndani ya kanoni yenyewe, na huvunjwa sana, na kazi iliyoivunja ikabaki kwenye orodha bila kuguswa.

Fimbo iligeuka orodha mikononi mwa Wakristo wa mwanzo. Mwaka 367 Athanasio wa Aleksandria, katika barua yake ya Pasaka, alitaja vitabu 27 vya Agano Jipya, vilevile tulivyonavyo leo. Linalosahaulika ni kwamba katika barua hiyohiyo alitaja pia vitabu vilivyo nje ya orodha lakini vinavyofaa kusomwa na wanaoanza mafundisho, kikiwemo Mchungaji wa Hermas. Tangu siku ile, kuwa nje ya kanoni hakujawa na maana ya kutupwa.

Kwenye hadithi za kubuni neno liliingia kwa mzaha. Anayetajwa mara nyingi ni Ronald Knox, msomi wa Oxford aliyekuja kuwa padri, ambaye mwaka 1911 aliandika makala kuhusu Sherlock Holmes, mpelelezi wa hadithi ambazo nyingi husimuliwa na rafiki yake Dk. Watson, akiwadhihaki wachambuzi wa Biblia wa zama zake. Wao walikuwa na Isaya wa pili, yaani mwandishi mwingine wa sehemu ya kitabu cha Isaya, naye akawaletea "Watson wa pili", mwandishi wa kughushi aliyedaiwa kuandika zile hadithi zisizofanana na nyingine. Mashabiki wa Holmes wakaupenda mchezo, na neno likabaki: kanoni ya Holmes ni hadithi 60, yaani riwaya 4 na hadithi fupi 56, zote za Arthur Conan Doyle.

Tubaki hapo kwa Holmes kidogo, maana orodha yake ndogo inaonyesha karibu kila kosa tunalolifanya na orodha kubwa za leo. Dk. Watson alipigwa risasi vitani Afghanistan. Katika riwaya ya kwanza jeraha liko begani. Katika ya pili liko mguuni. Jina lake ni John, ila kuna hadithi moja ambamo mkewe mwenyewe anamwita James. Mambo haya yote ni kanoni. Bega ni kanoni, mguu ni kanoni, na kazi ya kuyapatanisha wameachiwa mashabiki, ambao wamekuwa wakiifanya kwa furaha kwa zaidi ya miaka mia moja. Kwa hiyo anayesema "hii si kanoni kwa sababu inapingana na ile" anachanganya kanoni na mwendelezo. Mwendelezo ni mambo kuafikiana: tarehe, majeraha, nani amekufa. Kanoni inaweza kuwa na mwendelezo mbovu na isipungue hata herufi.

Upande wa pili, Doyle mwenyewe aliandika vichekesho viwili vifupi vyenye Holmes na Watson, kimoja mwaka 1896 na kingine 1924. Mwandishi ni yuleyule na wahusika ni walewale, lakini kwa kawaida havihesabiwi ndani ya zile 60. Hivyo hata "kaandika mtunzi mwenyewe" hakutoshi peke yake. Na ile sentensi maarufu ya "Elementary, my dear Watson" haimo katika hata hadithi moja kati ya zile 60, ingawa kila mtu anaijua. Kitu cha namna hiyo, kinachoaminiwa na umma wote bila kuwemo kwenye orodha, mashabiki hukiita fanoni. Hedkanoni ni ndogo zaidi: ni dhana yako binafsi unayoisomea hadithi, na haimdai mtu mwingine chochote.

Sasa anime, ambako neno linaumia zaidi. Hapa "si kanoni" imekuwa jina jingine la fila, yaani kisa cha kujazia kisichotoka kwenye manga, na hayo ni mambo mawili. Fila huzaliwa kwa hesabu. Manga ya gazeti la kila wiki hutoa sura moja kwa wiki. Epizodi moja ya anime, yenye dakika ishirini na kitu, mara nyingi humeza zaidi ya sura moja. Anime ikirushwa kila wiki bila kupumzika lazima itaikuta manga njiani, na studio ina njia chache tu: kusimama, kuvuta matukio yawe marefu kama ndoto ya homa, au kutunga visa vya pembeni. Naruto ya mwaka 2002 ilichagua visa vya pembeni, na ndiyo maana kuanzia takribani epizodi ya 136 hadi ya 219, ukiacha vipande vichache, karibu zote ni fila. Kuthibitisha ni rahisi: tafuta epizodi inatoka sura ya ngapi ya manga. Ikiwa haina sura, ni fila. Jibu hilo linakwambia kisa kimetoka wapi. Halikwambii kama kimo kwenye orodha ya anime yenyewe. Kwa hilo unahitaji kauli ya mtunzi au ya studio, na mara nyingi haipo.

Kuna hali ya tatu isiyo fila hata kidogo. Fullmetal Alchemist ya mwaka 2003 ilianza wakati manga bado changa. Manga ilianza 2001 ikaisha 2010. Anime ile, epizodi 51, ilikwenda njia yake na kufika mwisho wake yenyewe. Mwaka 2009 ikaja Brotherhood, epizodi 64, inayoifuata manga. Kusema ile ya kwanza "si kanoni" ni kama kusema nyumba ya jirani haina namba kwa sababu haina namba yako. Ni hadithi kamili yenye orodha yake. Unachotaka kusema ni kwamba haifuati manga, na hakuna ubaya kusema hivyo.

Kwenye komiki za Marekani mambo husafiri hata kinyume. Harley Quinn, mhusika wa hadithi za Batman, hakutoka kwenye komiki. Alizaliwa mwaka 1992 katika katuni ya televisheni ya Batman. Kwenye komiki zinazofuata ulimwengu mkuu wa DC, kampuni ya Batman, aliingizwa rasmi mwaka 1999. Kabla ya hapo shabiki wa komiki angekuwa sahihi kabisa kumwambia wa televisheni "kwetu hayupo." Sahihi ni hilo neno *kwetu*, ambalo watu hulidondosha.

Na hapa wakongwe nao wanastahili kusemwa, si wageni peke yao. Wakati mambo haya yakiwa ya watu wachache, kuijua orodha ndiyo ilikuwa tiketi ya kuingia. Ulitumia miaka kutafuta matoleo, ukakariri nani alitokea katika namba ipi. Sasa umati umekuja kwa mlango wa sinema, umevaa fulana zenye nembo, na haujasoma hata toleo moja. Uchungu wa mkongwe unaeleweka. Ila mara nyingi anachofanya ni kuichukua fimbo ya kupimia na kuigeuza ya kuchapia: "kwa kanoni Tony Stark (Iron Man) hakumlea Peter Parker (Spider-Man) hivyo." Kwa kanoni ya komiki, kweli. Filamu za Marvel zina orodha yao. Vitabu rasmi vya kampuni viliupa ulimwengu wa filamu namba 199999, wakati ulimwengu mkuu wa komiki ni 616. Kisha filamu ya Doctor Strange ya mwaka 2022 ikajiita yenyewe 616, na wakongwe wakaona wamenyang'anywa hata namba ya mlango. Walikasirika kwa haki, nadhani. Lakini walichokasirikia ni jina, maana orodha zilibaki mbili kama zilivyokuwa.

Jeraha kubwa kuliko yote ni la Star Wars. Kwa miaka mingi kampuni ya Lucasfilm ilipanga kazi zake kwa ngazi: filamu za George Lucas juu kabisa, chini yake vipindi vya televisheni, chini yake riwaya, komiki na michezo. Ngazi mbili zikipingana, ya juu inashinda. Tarehe 25 Aprili 2014, chini ya miaka miwili baada ya Disney kutangaza kuinunua Lucasfilm, ngazi ziliondolewa. Zilibaki filamu sita na katuni ya The Clone Wars. Riwaya na komiki zilizotangulia zikawekwa chini ya jina la Legends. Mtu aliyezisoma kwa miaka ishirini alijiona ameambiwa alikuwa anasoma hewa. Hakuambiwa hivyo. Vitabu vinaendelea kuchapishwa, maneno yaliyomo ni yaleyale. Kilichobadilika ni kwamba waandishi wa filamu mpya hawalazimiki tena kuvifuata. Kwa kampuni, kanoni ni hilo tu: maagizo kwa waandishi wajao. Msomaji hapewi amri yoyote.

Ukitaka kusema kisa hakimo kwenye manga, basi, sema hakimo kwenye manga. Kikipingana na msimu wa kwanza, sema kinapingana. Usipokipenda, hilo nalo ni neno zima, halihitaji kibali cha Kigiriki. Na ukilitumia neno kanoni, limalizie: kanoni ya nini, kwa orodha ya nani, ya lini. La mwisho ndilo linalosahaulika zaidi. Admirali Thrawn, mhusika wa Star Wars aliyetungwa na Timothy Zahn katika riwaya ya mwaka 1991, alitolewa kwenye kanoni na tangazo lile la Aprili 2014, na bado kuna watu wanaokatisha mazungumzo kwa "Thrawn si kanoni." Walikuwa sahihi kwa miaka miwili na miezi kadhaa. Ukikutana na mmoja wao, mwambie taratibu tu kwamba Thrawn alirudishwa na msimu wa tatu wa katuni ya Star Wars Rebels, ulioanza Septemba 2016.