Ardhi ya Kijiji Haigawiwi Bila Mkutano Mkuu

Tangu uchaguzi wa serikali za mitaa Tanzania wa Novemba 27, 2024, malalamiko ya ardhi ya vijiji hayapungui mezani kwetu. Mengi yanaanza hivi: "Mwenyekiti ameuza eneo letu." Mwenyekiti hana eneo la kuuza. Hata halmashauri ya kijiji ni mdhamini tu, yaani inaisimamia ardhi kwa niaba ya wakazi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, haiwezi kumgawia mtu ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia, na mkutano huo ni wakazi wote waliotimiza miaka 18. Kadi ya chama haihusiki, ingawa bado tunaulizwa.

Ndiyo maana nasi humuuliza mlalamikaji: siku eneo lile linajadiliwa, ulikuwa wapi? Jibu la "mikutano ni ya wazee" halitusaidii, wala halikusaidii wewe. Mkutano wa kawaida ni kila miezi mitatu. Mwekezaji akija na ardhi ya kijiji ikatakiwa kuhamishiwa ardhi ya jumla, yaani ardhi isiyo ya kijiji wala ya hifadhi, eneo lisilozidi hekta 250 huridhiwa au kukataliwa na mkutano huo. Likizidi, uamuzi ni wa waziri wa ardhi.

Ukihudhuria, andika jina lako mwenyewe na utie sahihi. Tunapofuatilia mgogoro tunaanza na daftari la mihutasari, na tumewahi kukuta orodha ya mahudhurio ya kurasa nzima, mwandiko mmoja, kalamu moja. Ukipinga hoja, omba pingamizi lako liandikwe kabla mkutano haujafungwa. Ukilalamika baadaye kijiweni, sisi hatuna pa kulisoma.

Halmashauri ya kijiji ikikiuka sheria katika kusimamia ardhi, wakazi wasiopungua 100 wanaweza kulalamika kwa halmashauri ya wilaya. Wilaya itajaribu kusuluhisha. Ikishindwa, itamwarifu Kamishna wa Ardhi. Barua ya watu kumi tutaipokea, lakini haina nguvu hiyo kisheria. Msijazie majina ya marehemu wala ya waliohama: kughushi sahihi ni jinai, na huharibu hata malalamiko ya kweli. Mfahamu pia kwamba ukiukaji ukiwa mkubwa, Kamishna anaweza kumshauri waziri usimamizi wa ardhi uondolewe mikononi mwa kijiji, na hapo hasara ni ya wote.

Kwa hiyo msisubiri kufika huko. Tangazo la mkutano likibandikwa, nendeni, na kina mama na vijana wasibaki nyumbani. Ombeni taarifa ya mapato na matumizi isomwe kifungu kwa kifungu, na mtendaji wa kijiji aeleze ni ardhi ipi imegawiwa tangu mkutano uliopita, na kwa nani.