Misa ya kumweka wakfu Askofu: dakika zisizo za vigelegele

Jimbo likipata askofu mteule, maswali tunayoulizwa watu wa kamati ya liturujia ni yale yale: tufike saa ngapi, tukae wapi, kitenge cha ukumbusho kinapatikana parokia gani. Ni maswali ya haki. Lakini natamani kila anayekwenda ajue kwanza jambo moja: ni wakati gani hasa padre yule anakuwa askofu. Wengi huondoka uwanjani wameona mitra (kofia ndefu ya askofu), fimbo na ng'ombe wa zawadi, na hilo limewapita.

Kwanza, haraka ya maandalizi inatoka wapi. Tanzania, kama nchi nyingi za misioni, inahudumiwa na Baraza la Kipapa la Uinjilishaji, ofisi ya Vatican lililoanza mwaka 1622 kwa jina la Propaganda Fide. Baba Mtakatifu akishateua, kanuni ya 379 ya Sheria za Kanisa inamtaka mteule awekwe wakfu ndani ya miezi 3 tangu apokee hati ya kitume, yaani barua ya Papa ya uteuzi. Katika miezi hiyo jimbo litafute mahema, lipange malazi ya maaskofu wa majimbo zaidi ya 30, lifundishe kwaya. Ndiyo maana michango kwenye jumuiya ndogondogo inaanza mara moja.

Pete, mitra na fimbo ya kichungaji hubarikiwa kabla, na kwetu mara nyingi ni kwenye Masifu ya Jioni ya siku iliyotangulia. Ukiweza, hudhuria. Watu ni wachache, unaona kwa karibu.

Siku yenyewe, Misa ikitangazwa kuanza saa 4 asubuhi, uwe umeketi saa 2. Geti la waamini hufungwa viongozi wa serikali wanapoingia, na hapo kadi yako ya mwaliko, ya rangi yoyote ile, haitakusaidia. Beba maji na kofia. Mwavuli uache: ukiufungua, walio nyuma yako hawaoni tena altare.

Ibada ya daraja, yaani ya kumweka wakfu askofu, huanza baada ya Injili, kwa wimbo wa kumwomba Roho Mtakatifu. Mteule anatambulishwa, na hati ya Papa inasomwa. Bila hati hiyo hakuna kinachoendelea. Kanuni ya 1013 inamkataza askofu yeyote kumweka wakfu mwingine pasipo agizo la Papa. Ikishasomwa, wote tunajibu kwa kumshukuru Mungu. Hapo shangilieni mnavyotaka.

Baada ya mahubiri mteule anaulizwa maswali 9, kuanzia kuhubiri Injili hadi kuwahurumia maskini na wageni. Kisha analala kifudifudi, tunaimba Litania ya Watakatifu. Hapa uwanja mzima huchanganyikiwa: wengine magoti, wengine wima. Dominika na kipindi cha Pasaka tunasimama. Siku nyingine shemasi anatangaza tupige magoti.

Sasa nyamaza. Mteule anapiga magoti, na askofu anayeongoza anamwekea mikono kichwani bila neno lolote. Wanafuata maaskofu wengine wote, mmoja mmoja. Wakiwa 35, kila mmoja akitumia sekunde 8, ni karibu dakika 5 za kimya kabisa. Mapadre hawaweki mikono hapa, tofauti na upadrisho. Kisha Kitabu cha Injili kinafunguliwa juu ya kichwa chake, kinashikwa na mashemasi wawili, na sala ya kuweka wakfu inaanza. Katikati ya sala hiyo maaskofu wote wanaoshiriki kumweka wakfu wanatamka pamoja maneno ya kumwomba Mungu ammiminie mteule Roho yule aliyewapa Mitume. Mikono ile na maneno yale ndiyo yanayomfanya askofu. Papa Pius XII alifafanua hivyo mwaka 1947.

Na hapo ndipo tunapoharibu. Mshereheshaji anaona kimya, anadhani kuna pengo, anaanza kutaja majina ya maaskofu. Kwaya inapiga kinanda. Wapiga picha wanajipanga mbele ya altare, waamini wanaona migongo. Dawa yake ni kukubaliana kwenye mazoezi: maikrofoni ya mshereheshaji izimwe, kinanda kinyamaze, wapiga picha watatu tu, wapewe sehemu ya kusimama pembeni. Mashemasi wawe na kimo kinacholingana, wajaribu kwa kitabu chenyewe. Chenye jalada zito kinachosha mikono, kikaanza kumshukia askofu mpya kichwani. Jenereta iwake tangu mwanzo, maana umeme ukikatika katikati ya sala hiyo, uwanja mzima utaanza kuzungumza.

Inafuata Krisma, mafuta matakatifu anayopakwa kichwani. Kiasi kidogo kinatosha; ikizidi inashuka hadi machoni. Taulo, sabuni na limau viwe tayari. Halafu anakabidhiwa Injili, pete, mitra na fimbo, kwa mpangilio huo, na akiwa jimboni kwake anaketishwa kwenye kiti chake. WAWATA, akina mama Wakatoliki, vigelegele sasa!

Komunyo ihesabiwe mapema. Mtoaji mmoja hukomunisha watu kama 200 kwa robo saa, kwa hiyo waamini 10,000 wanahitaji watoaji 50, kila mmoja na mtu wa kumshikia mwavuli ili aonekane alipo. Ukitoka kwenye mstari, usiende kwenye basi. Baada ya Komunyo unaimbwa Te Deum, wimbo wa kumsifu Mungu, na askofu mpya anashuka kupita kati ya watu akiwabariki. Kaa karibu na njia, na watoto wawe mbele. Hotuba na zawadi ni baada ya hapo, na huchukua hata saa mbili. Mwenye safari ndefu anaweza kuondoka wakati huo bila kukosa sehemu yoyote ya ibada ya daraja.