"Ian Anderson wa Jethro Tull": kwa nini Thick as a Brick 2 iliwagombanisha mashabiki

Ukiniuliza nini kiliwagombanisha mashabiki wa Jethro Tull, bendi ya roki ya Uingereza, mwaka 2012, nitakutajia herufi mbili. Kwenye jalada la Thick as a Brick 2, mwendelezo wa albamu yao ya 1972, jina la bendi halikusimama peke yake. Paliandikwa jina la mwimbaji na mpiga filimbi wake, tukiliweka kwa lugha yetu, "Ian Anderson wa Jethro Tull". Hiyo "wa" ilitosha kuwasha moto. Wengine waliisoma kama cheo. Wengine wakaona ni ujanja wa dukani: jina la bendi limewekwa ili diski iuzike, bendi yenyewe haimo.

Mimi ni fundi mitambo. Kazi yangu ni kurekodi na kuchanganya sauti za watu wengine, na roki ya progresivu, yaani roki ya nyimbo ndefu zenye mambo mengi, au progu kama tunavyoiita sisi tulioathirika nayo, ndiyo iliyonifundisha kusikiliza. Albamu hizi mbili, ya 1972 na ya 2012, nimezisikiliza kwa spika za kazini, kwa redio ya gari, na kwa spika za sikioni usiku wa manane. Nataka kueleza ugomvi ule ulihusu nini hasa, maana kila kambi ilikuwa na hoja, na karibu zote zilisahau kwamba albamu ya kwanza ilikuwa mzaha.

Twende nyuma kidogo. Mwaka 1971 Jethro Tull walitoa Aqualung. Wahakiki wakaamua kuwa ni albamu ya dhana, yaani nyimbo zote zinabeba habari moja. Anderson akakana, akasema ni nyimbo tu, baadhi zina undugu. Hawakumsikia. Basi akaamua kuwapa walichokitaka, tena kwa kipimo cha kushindiliwa hata kumwagika. Machi 1972 ikatoka Thick as a Brick: wimbo mmoja wa karibu dakika 44, uliokatwa katikati kwa sababu moja tu, kwamba santuri ina pande mbili. Jina lenyewe ni msemo wa Waingereza kwa mtu mzito wa kuelewa, mwenye kichwa kama tofali.

Maneno ya wimbo yalidaiwa kuwa shairi la mtoto wa miaka minane, Gerald Bostock, aliyeshinda shindano la ushairi kisha akanyang'anywa zawadi baada ya watu kulalamika. Jalada lilikuwa gazeti kamili la mji mdogo wa kubuni, kurasa 12, lenye matangazo, habari za michezo, chemshabongo, na picha ya Gerald ukurasa wa mbele. Gerald hakuwahi kuzaliwa. Maneno yote ni ya Anderson, lakini jina la mtoto likaandikwa kwenye orodha ya watunzi, na wapo walioamini. Anderson mwenyewe amesema mara kadhaa kwamba gazeti lile liliwachukua muda mrefu kuliko muziki.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini huu ulitumbuka dhahabu. Albamu ilishika nafasi ya kwanza Marekani. Na wale wale waliokuwa wakichekwa, wapenzi wa nyimbo ndefu zenye falsafa nzito, wakaifanya msahafu wao.

Sioni ajabu. Kama fundi nitakwambia kinachonikamata pale si urefu bali mishono. Wimbo unaanza na gitaa kavu na filimbi, taratibu kama mtu anayekusalimia mlangoni. Dakika chache baadaye kinanda cha Hammond kinanguruma, dramu za Barriemore Barlow zinakimbia kwa mapigo usiyoweza kuyahesabu kwa vidole, kisha bila kutambua umeshafika mahali pengine kabisa. Sauti ile ya mwanzo inarudi ikiwa imevaa nguo nyingine: mara kwa mwendo wa askari, mara kwa filimbi peke yake. Fundi cherehani mzuri huoni alipounganishia kitambaa. Hata pale walipolazimika kukata ili msikilizaji ageuze santuri, upande wa pili unafunguka kwa mvumo kama wa upepo, ujue safari ilisimama tu kupumzika.

Kwa miaka mingi Anderson aliombwa kuendeleza kisa kile na hakutaka. Mmoja wa waliomchokoza hadi akakubali ni Derek Shulman, aliyekuwa mwimbaji wa Gentle Giant, bendi nyingine kubwa ya progu. Swali alilojiuliza Anderson lilikuwa rahisi: yule mtoto Gerald, miaka 40 imepita, yuko wapi?

Hakujibu kwa jibu moja, na hapo namvulia kofia. Akampa Gerald maisha kadhaa yanayowezekana. Katika moja ni mtu wa benki mwenye tamaa, na hii ni miaka michache tu baada ya mabenki kuanguka mwaka 2008. Katika jingine ametupwa na familia yake, analala mitaani. Kuna Gerald mwanajeshi, kuna Gerald mhubiri anayekusanya sadaka kwa mkono mmoja na kuficha madhambi kwa mkono mwingine, na kuna Gerald wa kawaida kabisa, mwenye duka dogo na treni zake za kuchezea. Wimbo wa mwanajeshi unataja mji wa Wootton Bassett, huko Wiltshire, ambako kati ya 2007 na 2011 wakazi walikuwa wakisimama barabarani kimya kila miili ya wanajeshi waliouawa vitani iliporudishwa nyumbani. Mwingereza yeyote aliyesikia jina hilo mwaka 2012 alijua linabeba nini.

Gazeti la mwaka 1972 safari hii likageuzwa kuwa tovuti, utani kwa utani. Albamu ikatoka Aprili 2012, ikiwa imekatwa vipande 17.

Kambi ya kwanza iliyonuna ilikuwa ya Martin Barre. Barre alijiunga na Tull mwishoni mwa 1968 na alipiga solo katika kila albamu ya bendi tangu Stand Up ya 1969. Safari hii hakuwemo. Gitaa lilishikwa na Florian Opahle, Mjerumani, kijana mwenye vidole vyepesi na nidhamu. Wapenzi wa dansi la kwetu hawahitaji kuelezwa: mpiga solo akihama, bendi inaweza kubaki na jina, sare na ratiba ya maonyesho, na bado shabiki akarudi nyumbani akisema leo hawakupiga.

Malalamiko haya yana ukweli unaosikika. Barre hapigi noti nyingi, ila kila noti ina unene. Filimbi ya Anderson ni kali na yenye pumzi nyingi. Gitaa la Barre huja chini yake kama ukuta, na huo mvutano wa ukuta na upepo ndio sauti ambayo watu waliijua kwa jina la Jethro Tull. Opahle anapiga safi zaidi, na usafi huo unaiacha filimbi bila mtu wa kugombana naye. Hapo mashabiki walisikia sawasawa.

Lakini tuhesabu. Watu watano walipiga albamu ya 1972: Anderson, Barre, Barlow, John Evan kwenye vinanda na Jeffrey Hammond kwenye besi. Hammond aliacha muziki mwaka 1975 akaenda kuchora picha. Evan na Barlow waliondoka mwaka 1980. Kwa hiyo hata Barre angekuja, wangekuwa wawili kati ya watano. Bendi iliyokuwa ikililiwa ilishavunjika zaidi ya miaka 30 kabla, na wengi wa waliolia walikuwa wamenunua albamu kadhaa za Tull katikati hapo bila kuuliza Barlow yuko wapi. (Kwenye dramu safari hii alikaa Scott Hammond. Si ndugu wa Jeffrey, wala hana uhusiano na kinanda. Jina tu linawapenda.)

Kambi ya pili ilikuwa ya sauti, na hii inaniuma zaidi kwa sababu naijua kazini. Mwaka 1984, katika ziara ya albamu ya Under Wraps, Anderson aliumia koo na sauti yake haikurudi kama zamani. Alipoimba Thick as a Brick alikuwa na miaka 24. Mwendelezo ulipotoka alikuwa na 64. Ukisikiliza kwa makini utagundua jinsi alivyojipima: mistari mifupi, noti za katikati, mdomo karibu na maikrofoni, mahali pengi anaongea zaidi ya kuimba. Mashabiki wengi waliita vile vipande vya kusema uvivu. Mimi nauita ufundi. Mtu ametunga kwa koo alilo nalo, si kwa lile analolikumbuka, na ndiyo maana kwenye diski sauti yake haiaibiki popote.

Aibu ilikuja jukwaani. Katika ziara ya 2012 na 2013 bendi ilipiga albamu zote mbili kutoka mwanzo hadi mwisho, ya 1972 kwanza, kisha mapumziko, kisha mpya. Nyimbo za zamani ziko juu vile vile zilivyoandikwa, hazimhurumii mtu. Ndipo akaletwa Ryan O'Donnell, mwimbaji na mwigizaji kijana, kugawana mistari naye. Wapo waliosema wametapeliwa, kwamba wamelipa kiingilio kumsikiliza mtu mmoja wakaimbiwa na mwingine. Wapo waliomshukuru kwa kuwapa wimbo mzima badala ya kuukatakata. Nilivyoona mimi, tatizo lilikuwa mpangilio. Ukimpandisha mzee kwenye mizani moja na ujana wake, tena usiku ule ule, usitegemee mizani ikae sawa.

Jambo ambalo karibu kambi zote zilikubaliana ni uchanganyaji. Kazi hiyo alipewa Steven Wilson, mwanamuziki wa progu aliyekuwa ameshaichanganya upya Aqualung. Diski nyingi za miaka ile zilibanwa sauti hadi pa chini na pa juu pakawa sawa. Zinapiga kelele dakika zote, na baada ya nusu saa masikio yanachoka bila kujua kwa nini. Wilson anaacha nafasi. Gitaa kavu likiwa dogo, linabaki dogo, na kinanda cha John O'Hara kikiingia kina mahali pa kuingilia. Wale waliochukia maneno na kuchukia sauti walikiri kwamba chombo chenyewe kimetengenezwa vizuri.

Walipokosana tena ni kwenye viporo. Kila baada ya muda kipande cha wimbo wa 1972 kinachungulia ndani ya wimbo mpya: mpigo wa gitaa, mkato wa kinanda. Kwa baadhi ilikuwa kama kukutana na jamaa kwenye stendi ya basi. Wengine waliona wanasukumwa kiwiko: umeikumbuka hiyo? Nami niko na hawa wa pili, kwa kiasi. Katika albamu ya kwanza sauti inaporudi huwa inakupeleka mahali. Hapa mara nyingi inakuonyesha picha tu. Na kuna wimbo mmoja mrefu wa kuelekea mwisho, A Change of Horses, ambao ulishapigwa jukwaani miaka kadhaa kabla. Ni mzuri sana, ila ukijua hilo unauona mshono.

Tumwonee huruma lakini. Mike Oldfield, mwanamuziki mwingine wa Uingereza, alipotoa albamu ya Tubular Bells II mwaka 1992 alifuata ramani ya ile ya 1973 sehemu kwa sehemu, na akalaumiwa kwa kujirudia. Anderson alibadilisha umbo zima, akalaumiwa kwa kusaliti.

Sasa lile la mzaha. Nimesema albamu ya kwanza iliwacheka watu wanaochukulia progu kama dini. Wengi wa waliokasirika mwaka 2012 walikuwa wakilinda heshima ya kitu kilichotungwa kuwatania. Ila kuna kundi dogo, halikupiga kelele sana, lililosema hivi: safari hii Anderson hacheki. Nadhani ndilo lililokaribia ukweli. Tovuti ya utani ipo, majina ya kuchekesha yapo, lakini ndani ni mtu mzima anayejiuliza kwa dhati angekuwa nani kama njia ingegeukia kwingine. Huwezi kutania majeneza ya Wootton Bassett, naye hakujaribu. Aliyekuja kutafuta kejeli ya kijana wa miaka 24 alikuta tafakuri ya mzee, akarudi akisema kuna kitu kinapungua, asijue ni nini, akaishia kumtaja Martin Barre.

Isipokuwa sekunde za mwisho kabisa. Baada ya maisha yote ya Gerald kupita, gitaa kavu la mwanzo linarudi, na Anderson anaimba yale yale maneno yaliyofunga albamu ya 1972, hadi kwenye jina la albamu. Ananyamaza. Kisha anaongeza neno moja: "mbili".

Siku moja niliipiga yote studio, mpiga besi mmoja akiwa amekaa pembeni akisubiri wenzake. Hakuwa anaijua kabisa. Ile "mbili" ilipotoka alicheka peke yake, akageuka: "Fundi, hebu irudishe mwanzo." Sikujua ni mwanzo upi. Nikamwekea wa 1972, naye hakuniambia nimekosea.