Kamera mtego: maana yake na inavyotumika katika misitu ya Udzungwa

Kamera mtego ni kamera inayofungwa kwenye shina la mti, ikaachwa peke yake wiki kadhaa, na kupiga picha kila mnyama anapokatiza mbele yake. Haimkamati wala haimgusi. Ndani mna kihisi kinachoamka pale kitu chenye joto tofauti na mazingira kinaposogea. Masharti ni mawili kwa pamoja, joto na mwendo, na kasoro nyingi za kifaa hiki huanzia hapo.

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, Tanzania, yenye kilomita za mraba 1,990, ni mahali pazuri pa kuona thamani yake. Misitu hupanda kutoka mita 300 hivi hadi zaidi ya mita 2,000 kwenye miteremko mikali, na wanyama wake wengi hukimbia kabla mtu hajawaona. Mwaka 2005 kamera zilizotegwa katika msitu wa Ndundulu, kwenye milima hiyohiyo, zilimnasa sange, mnyama mdogo wa pua ndefu, mwenye uso wa kijivu na makalio meusi ambaye sayansi haikuwa ikimjua. Picha peke yake haikutosha: watafiti walirudi kukamata vielelezo, na mwaka 2008 akatangazwa rasmi kuwa spishi mpya, Rhynchocyon udzungwensis, mwenye uzito wa gramu 700 hivi.

Kufunga kamera kunataka uangalifu kuliko wengi wanavyodhani. Tafuta kijia chenye nyayo au kinyesi kipya, chagua mti ulio mita 2 hadi 3 kutoka hapo, na ufunge kamera sentimita 30 hadi 50 juu ya ardhi. Ukiipandisha, sange atapita chini ya upeo wake; ukiisogeza karibu mno, utapata nusu ya funo, yaani swala mdogo wa msituni. Isielekee mawio wala machweo. Fyeka majani yaliyo mbele tu, maana jani lililopashwa na jua likipeperushwa na upepo huamsha kihisi, na kadi hujaa maelfu ya picha tupu kabla ya wiki kwisha. Weka pakiti ya kufyonza unyevu, kwani ukungu wa juu huharibu lenzi. Mwisho, mtu mmoja apite mbele ameinama ili kuijaribu, kisha tarehe na saa vihakikiwe. Saa iliyokosewa ni hasara kubwa kuliko betri kufa, kwa sababu picha zitaonekana nzima ilhali hazifai kueleza mnyama hutembea wakati gani.

Katika msitu wa Mwanihana, upande wa mashariki wa hifadhi, mwaka 2009 ulianza utaratibu wa kutega kamera 60 kwa siku 30 wakati wa kiangazi, kamera moja kwa kila kilomita 2 za mraba. Zote zikifanya kazi, hizo ni siku-kamera 1,800 (idadi ya kamera mara idadi ya siku), na hicho ndicho kipimo cha juhudi. Picha 40 hazina maana mpaka ijulikane zimetokana na siku-kamera ngapi. Tena picha 40 si wanyama 40: minde mmoja, swala wa msituni mkubwa kuliko funo, akisimama kula mbele ya kamera anaweza kuzitoa zote. Kwa hiyo picha za spishi moja mahali pamoja ndani ya saa moja kwa kawaida huhesabiwa kuwa tukio moja.

Gumu zaidi ni picha ambayo haipo. Tuseme siku 30 zimegawanywa vipindi sita vya siku tano, na pale minde alipo, uwezekano wa kumnasa katika kipindi kimoja ni 0.3. Uwezekano wa kumkosa mara zote sita ni 0.7 ikizidishwa kwa yenyewe mara sita, yaani karibu asilimia 12. Hivyo kati ya kamera 100 zilizo mahali anapoishi, 12 hivi zitarudi bila picha yake hata moja. Kwa sababu hii watafiti hawaripoti tu idadi ya kamera zilizomwona, bali hutumia rekodi ya kila kipindi kukadiria ni sehemu ngapi anazotumia kweli. Anayeruka hatua hii hutangaza mnyama kutoweka kumbe kilichopungua ni uwezo wa kamera kumwona.

Kamera ya chini pia haiwafai wote. Mangabei wa Sanje, mnyama wa jamii ya kima, hutafuta chakula sana ardhini, hivyo hunaswa. Mbega mwekundu wa Udzungwa huishi zaidi juu ya miti, na huyo huhesabiwa kwa watu kutembea polepole kwenye njia zilizopimwa, wakiandika kila kundi wanaloliona.